Anti, vidonge vya damu nameza kila siku na HB inazidi kushuka

BARUA

Anti shikamoo. Pole na majukumu, najua barua ni nyingi ila naomba hii yangu usiipite maana nimefika mahali nalala na kuamka na mawazo.

Mi ni mama kijacho, mimba ya pili, wiki ya 29 sasa. Naishi Muheza nyumbani kwa wakwe na mtoto wangu wa kwanza wa miaka 3, mume wangu anafanya kazi Tanga mjini anarudi wikiendi. Nilipoanza kliniki nilipimwa HB (kile kipimo cha wingi wa damu) ikawa 10.4, nikapewa vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu, kimoja kila siku. Nikameza. Nilivyorudi ikawa 10.1, nikasema sawa labda bado. Juzi hapa nimepimwa ni 9.3 na hapo nesi akanibadilikia kabisa, akasema mbele ya wenzangu wote pale kwenye benchi eti nyie ndo mnachukua vidonge mnavitupa chooni halafu mnakuja kutusumbua siku ya kujifungua. Anti nilitamani ardhi ipasuke. Sijatupa hata kimoja, naapa, karatasi zake zote zilizoisha ninazo mpaka leo kwenye kopo.

Sasa ngoja nikueleze navyomeza labda kosa liko hapo. Mwanzo nilikuwa nameza asubuhi na maji tumbo tupu, wiki nzima nilitapika mpaka nyongo. Mama mkwe akanionea huruma akaniambia shushia na chai mwanangu, tangawizi inatuliza tumbo. Na kweli ikatulia. Mama yeye chai yake ni mkandaa, majani yanachemka na tangawizi mpaka chai inakuwa nyeusi, anajaza chupa mbili kubwa na hazilali. Tunakunywa alfajiri, saa 4, baada ya chakula cha mchana na jioni tena na mkate wa kumimina au maandazi. Kidonge nameza ile ya saa 4.

Mtoto wa jirani yetu mmoja, anauza duka la dawa, akasema chai inaua dawa. Mama mkwe alichukia jamani! Akasema yeye kazaa saba kwa chai hiyohiyo, na dawa yake ya goita (alifanyiwa opresheni zamani, anameza kila siku) anashushia na chai alfajiri miaka yote na yuko hai. Ni kweli yuko hai, ingawa Anti nikwambie tu pembeni, yeye naye kila siku uchovu, anajifunika sweta na kanga mbili mchana wa jua hili la Muheza, na kila akienda hospitali wanamuongezea dozi. Ila nadhani ni umri.

Mume wangu naye kasikia habari za nesi, kanipigia simu kaniuliza kama unavitupa sema tu tujue. Nililia usiku mzima.

Nisaidie Anti. Ni kweli chai inazuia dawa? Nikiweka maziwa je itakuwa salama? Nimeze viwili kwa siku ili vifidie? Na kama ni kweli, mama mkwe namwambiaje bila kuharibu nyumba, maana ananipenda na hata hiyo chai aliniletea kwa mapenzi?

Mama Kijacho, Muheza

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana na hongera kwa ujauzito.

Nianze na machozi kwanza. Choo chako kikoje rangi? Najua swali la aibu ila mi nimekaa dirishani famasi miaka mingi aibu ilishaniisha. Kama tangu uanze vidonge choo kimekuwa cheusi au kijani kizito, basi mwambie mume wangu, samahani, mume wako, kwamba ushahidi uko chooni kweli lakini siyo ule anaousema nesi. Weusi ule ni madini ya chuma yaliyopita tumboni bila kuchukuliwa na mwili. Mtu anayetupa vidonge choo chake hakibadiliki rangi. (Ila kikiwa cheusi kama lami, kinanata na harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo ni habari nyingine, nenda hospitali, inaweza kuwa damu inavuja tumboni.)

Sasa chai. Mtoto wa jirani kasema kitu cha kweli ila kakisema vibaya, "chai inaua dawa" ni maneno makubwa mno ndo maana mama kachukia. Chai haiui dawa. Chai inaikamata. Kwenye majani ya chai kuna vitu vinaitwa tanini, ndo vile vinavyofanya chai kali ikukaze ulimi. Na hapa mi huwa nacheka peke yangu, maana watu wa pwani mshaiita jina lake siku nyingi: mkandaa ni mti wa mikokoni ambao magome yake wazee walikuwa wanatumia kutengenezea ngozi za wanyama na kupakia rangi, na kilichomo kwenye gome lile ni hiyohiyo tanini. Kwaiyo mkisema chai ya mkandaa mnasema ukweli mtupu bila kujua. Tanini ikikutana na chuma tumboni vinashikana, na vikishashikana utumbo hauwezi kunyonya, vinapita moja kwa moja.

Kama unataka kuona kwa macho, na nakuomba ufanye hili mbele ya mama mkwe, mimina chai ya rangi kidogo kwenye kikombe cha kioo, chukua kidonge kimoja ukiponde kabisa maana kina ganda la juu, tumbukiza, koroga, subiri. Chai itaanza kuwa nyeusi ya kizambarau, halafu nyeusi kama wino. Na ni wino kweli, zamani Ulaya walikuwa wanatengeneza wino wa kuandikia kwa chumvi ya chuma na tanini ya miti, chumvi ileile iliyopo kwenye vidonge vingi vya damu. Mwaga usinywe. Ndo kinachotokea tumboni mwako kila saa 4 asubuhi.

Kuhusu maziwa, hapana, hayakuokoi. Watu wengi wanaamini maziwa yanavunja nguvu ya chai, lakini kuna utafiti ulitoka 1999 waliwapa watu mkate na vinywaji tofauti wakapima chuma kilichoingia mwilini, chai ya rangi ilikata kati ya asilimia 79 na 94 na kuongeza maziwa hakukubadili kitu cha maana. Hata chai ya mnanaa ambayo watu wanaiona ya kiafya ilikata 84, kahawa nayo imo kwenye orodha. Tena maziwa yenyewe yana kalsiamu, nayo inagombania mlango na chuma.

Ila nisikudanganye, hizo asilimia ni za chuma cha kwenye chakula, ambacho ni kidogo. Kidonge kina chuma kingi zaidi, vingi huwa na miligramu 60 hivi, kwaiyo siwezi kukwambia kikombe kimoja kinakupokonya asilimia 90 ya kidonge. Lakini wewe siyo kikombe kimoja. Unakunywa mara 4 kwa siku chai iliyochemka mpaka ikawa nyeusi, mara moja na kidonge, mara moja juu ya chakula cha mchana, na kama mchana ni ugali na maharage au mchicha basi chuma cha mboga nacho kinaondoka na chai, maana hicho cha kwenye mimea ndo kinakamatwa kirahisi kuliko cha kwenye nyama. Hapo mwili unapata saa ngapi?

Viwili kwa siku usijiandikie mwenyewe. Inawezekana kabisa kliniki wenyewe wakakupa viwili, kwa mjamzito wa miezi yako wanataka HB angalau 11 na wewe uko 9.3, kuongezewa ni jambo la kawaida. Lakini waseme wao, na waseme wakijua kwamba hivyo vya kwanza ulikuwa unashushia na mkandaa, maana ukinyamaza watadhani dawa imeshindwa wataanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Cha kufanya. Kidonge hamishia usiku. Unasema chai ya mwisho ni jioni, haya, mkishakula mapema, saa 3 au saa 4 usiku ambapo chakula na chai vimeshapita kama masaa mawili hivi, meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa, halafu kaa angalau nusu saa piga stori na mama ndo ukalale. Ukilala palepale kitakuchoma kifua. Kichefuchefu cha usiku wengi wanakivumilia kwa sababu wanakipitia usingizini. Kikikushinda kabisa, kula kitu kidogo nacho, ndizi au kipande cha mkate, utapoteza chuma kidogo lakini bora hicho kuliko kutapika chote. Kama lazima iwe mchana, basi saa moja kabla ya chai au masaa mawili baada yake, na hata chai ya mchana isiikanyage sahani, isubiri saa moja hivi. Na wewe uko Muheza unakosaje chungwa! Vitamini C inasaidia chuma kuingia, chungwa moja au maji ya ndimu pamoja na kidonge ni jambo zuri, ila usione kama ni uchawi, maji matupu yanatosha.

Mi naona hivi, usiache chai. Wengi wakishaambiwa hivi wanaacha chai siku tatu, ya nne wanairudia na kidonge juu. Badilisha saa tu. Na usiende kutangaza mtaani kwamba dawa zote na chai ni maadui, maana kuna mseto wa malaria, ile ALU, hiyo inataka mafuta ili iingie vizuri, mtu aliyekula chakula cha mafuta dawa moja kati ya zile mbili inaingia mpaka mara 16 zaidi ya aliyemeza na njaa. Mgonjwa wa malaria akimeza mseto na chapati na chai nzito ya maziwa kafanya vizuri kabisa. Halafu mtu huyohuyo akiandikiwa sipro, ile antibiotiki ya tumbo, chai ya maziwa hapo inaharibu. Kila dawa na tabia yake, ndo maana tunasema uliza dirishani, usione aibu kuwa foleni ni ndefu.

Kabla sijaenda kwa mama mkwe, chai isibebe lawama zote. Damu ya mjamzito inaongezeka maji kwaiyo kushuka kidogo katikati ya mimba ni kawaida, ila siyo mpaka 9.3. Kwaiyo kliniki waombe wakupime malaria na minyoo, tena uwaulize kama dawa ya minyoo ya wajawazito ulishapewa. Na niambie ukweli, udongo unakula? Sikugombezi, wajawazito wengi wanakula na sokoni unauzwa umepangwa kama pipi. Udongo nao unakamata chuma kama chai, tena unaweza kukuletea minyoo juu. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia pia viachanishe na cha damu masaa mawili au zaidi. HB irudie baada ya kama mwezi mmoja wa kumeza vizuri, utaona. Ukianza kuhema ukiwa umekaa tu, moyo kwenda mbio, kizunguzungu cha kudondoka, usisubiri tarehe ya kadi.

Haya, mama mkwe. Mwanangu ulisema kwa pembeni na mimi pale ndo niliruka kwenye kiti. Mtu aliyefanyiwa opresheni ya goita, anameza dawa ya tezi (nyingi huwa ni thairoksini), amechoka siku nzima, anasikia baridi Muheza, na dozi inapanda kila akienda. Huo siyo umri tu. Hizo ni dalili za mwili ambao homoni ya tezi haiutoshi, na ile dawa ni katika zinazodeka kuliko zote, inatakiwa imezwe na maji, tumbo tupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kitu chochote, chai na kahawa na maziwa vyote vinasubiri. Yeye anaishushia na mkandaa na labda andazi. Inawezekana kabisa kwamba daktari anaongeza dozi kufidia ile inayopotelea kwenye kikombe.

Lakini hapa sikiliza kwa makini, asibadilishe kimyakimya. Akianza ghafla kuimeza na maji wakati dozi ilishapandishwa kwa sababu ya chai, dawa itaanza kuingia yote na inaweza kumzidia, mikono itetemeke, moyo uende mbio, usingizi upotee, na kwa mtu mzima moyo siyo wa kuuchezea. Aende kwa daktari wake amwambie wazi miaka yote nimekuwa nashushia na chai, naomba nianze kumeza na maji, na baada ya wiki 6 mpaka 8 wampime TSH, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi ya tezi inatosha, waone dozi ishushwe au ibaki. Ni sentensi moja tu hiyo lakini bila hiyo daktari anapapasa gizani.

Na hapo ndo umepata mlango wa kuongea naye. Usiende na "mama chai yako imeniharibia damu", hata kama ni kweli, yeye alikuona unatapika akakupa alichonacho, na kichefuchefu kikatulia, kwa hilo hakukosea. Nenda na yeye. Mwambie mama, nimesikia habari ya dawa yako, nimeona unavyosikia baridi nikaogopa, na mi na wewe tumekuwa tukifanya kosa moja, hebu njoo uone. Fanya ile ya kikombe na kidonge. Mtu aliyezaa saba hashawishiki na maneno ya mtoto wa jirani ila wino anauona kwa macho yake. Halafu mpe kazi, mwambie mama we ndo unikumbushe usiku saa ya kidonge changu. Ya kwake, daktari akisharuhusu, ni rahisi kuliko yako: anaamka alfajiri, kidonge kwanza na maji, ndo atie udhu, aswali, avute uradi wake, awashe jiko, mpaka tangawizi ichemke saa imeshapita. Hakuna alichopoteza hata kikombe kimoja.

Mume wako akija wikiendi mwambie siku ya kliniki ijayo muende wote. Na lile kopo la karatasi beba, liweke mezani kwa nesi, usiongee kwa hasira, sema tu dada hizi hapa zote nilimeza, nilikuwa nashushia na chai na hakuna aliyeniambia. Kuna siku hata sisi dirishani tulikuwa tunaandika 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, kwenye bahasha tunasukuma, mteja anaondoka hajui ameze na nini, kwaiyo na mimi lawama hiyo naibeba.

Kingine, na hiki ufanye leo kabla hujalala. Umesema una mtoto wa miaka 3 ndani. Vidonge vile ni vyekundu vinang'aa, kwa macho yake ni pipi, na mtoto mdogo akimeza vingi vya chuma kwa pamoja inaweza kumuua. Visikae kwenye mkoba wala juu ya meza ya chai. Juu ya kabati, ndani ya kopo lenye mfuniko, na akiwahi kuvila hata kama anacheza mbeba mkimbie hospitali na hilo kopo mkononi, msisubiri atapike.